Nafasi Hupotea Kabla ya Mahojiano

Nchini Kenya, kijana akikosa kazi ya serikali huambiwa na jamaa zake kwamba kazi ile ilikuwa na mwenyewe. Kauli hii husemwa kwa upole, kwa nia ya kumfariji, na mara nyingi ina ukweli. Ubaya wake ni kwamba inamaliza mazungumzo mahali ambapo yangepaswa kuanza. Ikiwa kazi ilikuwa na mwenyewe, aliipata lini, kwa njia gani, na nani aliyetia sahihi? Maswali haya yana majibu, na majibu yamo katika faili za ofisi. Nawaandikia wanaotafuta kazi wizarani, katika mashirika ya serikali na kaunti, hasa wale wa jamii ndogo na wale wanaoishi mbali na kwao. Ninachotaka kuwashawishi ni kwamba ubaguzi katika utumishi wa umma hufanyika zaidi kabla ya mahojiano kuliko ndani ya chumba cha mahojiano. Anayetaka kuushinda hana budi kuanza mapema, na kuanza kwa karatasi.

Tatizo hili halikuanza jana. Utumishi wa umma tulioachiwa na mkoloni ulijengwa juu ya rangi waziwazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kila mmoja na ngazi yake ya mshahara. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali Afrika Mashariki, iliona inafaa Mwafrika anayefanya kazi ileile na Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo iliachwa baada ya Tume ya Lidbury ya 1954. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, viti vya wageni vilianza kujazwa na Waafrika, jambo lililokuwa la haki, lakini namna ya kuvijaza haikubadilika sana. Aliye juu alimvuta anayemjua, na anayemjua alikuwa mtu wa kwao. Rangi ikatoka, kabila likaingia. Ndiyo maana Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, haitenganishi mambo hayo: inapozungumzia ubaguzi wa kikabila inahesabu humo rangi, asili na uraia pia.

Tume ya Uwiano na Utangamano (NCIC) ilipokagua utumishi wa umma mwaka 2011 iliona kwamba Wakikuyu walikuwa asilimia 22 hivi ya watumishi, ilhali katika sensa ya 2009 walikuwa kama asilimia 17 ya Wakenya. Wakalenjin walikuwa karibu asilimia 17 ya watumishi na asilimia 13 ya wananchi. Waluhya, jamii ya pili kwa ukubwa, walikuwa asilimia 11 tu ya watumishi ingawa ni karibu asilimia 14 ya watu. Msomaji atatambua mara moja kwamba jamii mbili zilizozidi ndizo zilizokuwa zimetoa marais wote watatu wa nchi hadi wakati huo. Lakini asiharakishe kuzichukia. Mkulima wa majani chai wa Bomet au muuza mboga wa Murang'a hakupata chochote kutokana na tofauti hiyo. Waliofaidika ni wachache waliokuwa karibu na simu ya mkubwa. Ukabila kazini hugawa watu ndani ya kabila pia, kati ya wanaojulikana na wasiojulikana.

Angalia jinsi mtu anavyoingia kazini hasa. Tangazo la gazetini ni mlango mmoja tu, na si mpana. Mpana ni mlango wa kibarua. Hospitali ya kaunti inahitaji wafagiaji kumi na karani wa masjala. Msimamizi anapiga simu mbili, na Jumatatu watu wako kazini. Hakuna tangazo lililobandikwa, hakuna fomu iliyojazwa, hakuna mtu aliyekataliwa kwa jina. Kibarua cha miezi mitatu kinaongezwa mitatu mingine, kinageuka kandarasi ya mwaka, na baada ya miaka michache chama cha wafanyakazi kinadai, kwa haki kabisa, kwamba waliotumika muda mrefu waajiriwe kwa masharti ya kudumu. Nafasi hizo zinapotangazwa hatimaye, sifa mojawapo inayotakiwa ni uzoefu wa kazi katika hospitali ya umma. Siku hiyo kila mmoja anahojiwa sawasawa, alama zinatolewa kwa uaminifu, na matokeo yanakuwa yaleyale ya simu mbili za mwanzo. Hakuna mjumbe wa jopo aliyebagua mtu. Ubaguzi ulishakamilika miaka mitatu nyuma, siku ambayo nafasi haikutangazwa.

Kwenye vyeo vya juu kazi hiyo hufanywa na ukaimu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inataka mtu akaimu cheo kwa muda usiopungua siku 30 na usiozidi miezi sita. Anayeachwa akaimu mwaka mzima huingia kwenye mahojiano akiwa tayari amekizoea kiti, anaijua bajeti, na mkubwa aliyemweka hapo ndiye anayeandika tathmini ya kazi yake. Washindani wake wanakuja kuomba cheo ambacho kwa kweli kimekwisha kutolewa.

Upo pia mlango unaofungwa mapema kuliko yote, nao ni wa kitambulisho. Bila kitambulisho cha taifa huwezi kuomba kazi yoyote ya umma, na kwa miaka mingi Wanubi wa Kibra, ambao babu zao waliletwa na Mwingereza kama askari, pamoja na Wasomali na jamii nyingine za mipakani, walipitishwa kwenye vikao vya uchunguzi ambavyo Mkenya wa Nyeri au Kisii hakuvijua. Wamakonde wa Kwale waliishi bila uraia hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kuudai, na Wapemba wa pwani wakangoja hadi 2023. Watu hawa hawakuonekana katika hesabu yoyote ya waliokosa kazi, kwa sababu hawakuweza hata kuomba. Amri ya rais ya Februari 2025 ya kuondoa vikao hivyo ni hatua njema. Hata hivyo, mzazi wa jamii hizi asingoje mwana apate tangazo la kazi ndipo waanze safari ya ofisi ya usajili. Siku anayotimiza miaka 18 ndiyo siku ya kupeleka maombi, na ile karatasi anayopewa ya kusubiri kitambulisho itunzwe kama cheti cha shule.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ufuate kazi kule zinakoanzia. Usiridhike na kusoma matangazo ya MyGov, jarida la serikali, na tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma, ingawa hayo uyasome kila wiki. Nenda katika hospitali, ofisi ya kilimo, idara ya maji, uliza vibarua wanapatikana vipi, kisha acha barua ya maombi hata kama umeambiwa hakuna nafasi. Barua iwe na nakala, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kupiga muhuri, itume kwa rejesta ya posta au kwa baruapepe ya ofisi. Lengo si kumkera mtu. Ofisi ikija kusema mbele ya tume au mahakama kwamba iliwaajiri hawa kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza, muhuri huo utasema ulijitokeza. Omba pia nafasi za uanagenzi zinazotangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, kwa kuwa ndizo njia iliyo wazi ya kupata ule uzoefu ambao wengine wanaupata kwa simu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifanyi ni kuomba kazi nje ya kaunti yao. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika kaunti ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Ukaguzi wa NCIC wa 2016 ulionyesha kwamba karibu thuluthi mbili ya kaunti 47 zilikuwa zimekiuka sharti hilo. Wengi husoma matokeo hayo na kukata tamaa. Mimi nasema yasomwe kama orodha ya madeni: kaunti iliyokiuka inadaiwa, na asiyeomba hawezi kudai. Magavana na bodi za uajiri hujitetea kwa kusema watu wa nje hawaleti maombi, na katika maeneo mengi utetezi huo una chembe ya ukweli, maana vijana husikia kwamba kule ni kwa akina fulani na hawathubutu.

Ukijaza fomu ya maombi ya Tume ya Utumishi wa Umma utakuta panaulizwa kabila, kaunti ya nyumbani na ulemavu. Wapo wanaoacha sehemu ya kabila wazi kwa kuona haya, na wapo wanaodokezwa waandike kabila lisilo lao. Usifanye lolote kati ya hayo. Udanganyifu katika fomu ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi baada ya miaka mingi, na nafasi iliyoachwa wazi ni mtu mmoja aliyetoweka kwenye hesabu. Kila ripoti inayoonyesha jamii gani zimeachwa nje hutokana na majibu hayo.

Sasa tuseme umeomba, umehojiwa, umekosa, na una sababu ya kushuku. Usianzie kwa mwanasiasa wala mtandaoni. Andika barua ya kuomba habari. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu maombi hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Barua nzuri ni fupi. Taja nafasi, nambari ya tangazo na tarehe ya mahojiano. Uliza ni wangapi waliomba, wangapi waliitwa kuhojiwa, alama zako ni zipi na aliyepita alipata ngapi, na watumishi wa taasisi hiyo wamegawanyika vipi kwa kabila. Usimtukane mtu, usitaje tuhuma. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, unapeleka nakala ya barua kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, ambayo ina mamlaka ya kuiamuru itoe habari. Pamoja na hiyo, omba maelezo ya maandishi ya uamuzi wenyewe chini ya Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Taasisi ina miezi mitatu ya kuyatoa, na isipoyatoa, sheria inachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kwa uamuzi wa kaunti, rufaa huenda kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90, na wengi hupoteza haki yao kwa kungoja ahadi za mdomo hadi siku hizo zinapita. Kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi una miaka mitatu. Huko mahakamani kuna jambo ambalo kila mwombaji wa kazi anapaswa kulijua: kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda hata ambaye hajaajiriwa bado, na ubaguzi ukidaiwa, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo. Bila shaka mahakama haitakusikiliza kwa hisia tupu. Unahitaji kitu cha kuanzia, na barua zile zenye muhuri ndizo kitu hicho. Takwimu nazo zina nguvu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilipoajiri wasaidizi 1,406, ilionekana kwamba zaidi ya nusu walitoka katika jamii mbili, na jambo hilo likafika mahakamani kwa sababu orodha ilikuwapo na mtu yeyote angeweza kuihesabu.

Wapo wanaopinga yote haya kwa nia njema, nao wanastahili kujibiwa. Pingamizi la kwanza ni la sifa: mgonjwa anataka daktari hodari, hamtaki daktari wa kabila fulani. Ni kweli kabisa, na hakuna sheria ya Kenya inayomruhusu asiyehitimu kushika kisu cha upasuaji. Lakini kisome Kifungu cha 232 cha Katiba. Kinasema ushindani wa haki na sifa ndivyo msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo, kisha kinauweka msingi huo chini ya masharti mawili: uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya, na fursa sawa kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote na kwa watu wenye ulemavu. Walioandika hivyo walijua kwamba tangazo moja la nafasi moja huleta watu wengi waliohitimu, na tofauti ya kumi bora huwa alama mbili tatu zilizotolewa kwa jicho la mhojaji. Hapo ndipo sheria inapouliza ofisi hiyo imejaa nani tayari. Isitoshe, sharti la thuluthi moja lililo katika Sheria ya 2008, kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi ya watumishi kutoka jamii moja, ni legevu mno. Jamii kubwa kuliko zote nchini haifiki asilimia 18 ya watu. Ofisi inaweza kuipa karibu mara mbili ya sehemu yake na bado iwe ndani ya sheria. Taasisi inayoshindwa hata na sharti hilo haiwezi kujificha nyuma ya sifa.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwenye kaunti: ugatuzi uliletwa ili wenyeji wale matunda ya kwao baada ya miongo ya kutupwa, sasa mbona mnawaletea wageni? Hapa pana uchungu wa kweli, na mtu wa pwani aliyetazama ajira za bandarini zikienda kwa watu wa mbali hahitaji kufundishwa maana yake. Hata hivyo sharti la asilimia 30 linawaachia wenyeji asilimia 70, na linahusu nafasi za kuanzia tu. Tena kila kaunti ina wenyeji wasio wa jamii kubwa: Waboni wa Lamu, Waogiek wa Nakuru, Wasanye wa Tana River, Wahindi na Waarabu wa Mombasa waliozaliwa hapo vizazi na vizazi. Kaunti inapowafungia wageni, hawa ndio huumia kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na muuguzi wa jamii nyingine anayekubali kazi katika zahanati ya mbali isiyo na muuguzi ni mgeni wa aina hiyo hasa.

La tatu ndilo gumu. Wapo wanaosema kuhesabu kabila kunaliimarisha, na kwamba ni afadhali tulisahau. Hutolewa mfano wa Tanzania, ambako Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba raia wote, wa rangi yoyote, watakuwa sawa katika ajira ya serikali, akiachana na sera ya kuwapendelea Waafrika. Naiheshimu njia hiyo. Lakini Tanzania haikufika ilikofika kwa kunyamaza tu. Wanafunzi wa sekondari walipelekwa shule za bweni mbali na kwao, watumishi wakahamishwa mkoa hadi mkoa, Kiswahili kikafanywa lugha ya kazi, na vijana wakapitia Jeshi la Kujenga Taifa pamoja. Kenya haikufanya hayo kwa kiwango hicho, kwa hiyo kwetu kusahau kabila kwenye fomu huku likikumbukwa kwenye simu ni kumkinga anayepiga simu. Tuhesabu hadi hesabu iwe haina habari mpya ya kutuambia.

Hofu ya kuwekewa alama na kunyimwa kila kazi ijayo si ya kupuuzwa. Ndiyo maana nimeshauri barua ya kuomba habari kabla ya mashtaka: ni haki ya kila raia, haihitaji kutoa sababu, na inaweza kuandikwa na mtu asiyeomba kazi kabisa, kwa mfano mwalimu mstaafu au kikundi cha vijana wa kanisa au msikiti. Malalamiko ya wengi pamoja kwa NCIC hayamwachi mtu mmoja uchi.

Wewe uliye ndani ya jopo la kuhoji nawe una kazi. Dai maswali yaandikwe kabla ya mahojiano, kila mjumbe atoe alama peke yake na kutia sahihi kabla ya majadiliano, na orodha ya vibarua wa idara yako iletwe mezani ikiwa na tarehe walizoingia na aliyewaleta. Ukiambiwa ubadilishe alama, andika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba uliambiwa. Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa kutekeleza wajibu wake kulingana na sheria.

Na wewe uliyekosa nafasi ambayo ulistahili, hesabu siku zako leo. Kama ni kaunti na siku 90 hazijapita, andika rufaa. Kama zimepita, andika barua ya habari, kwa Kiswahili ukipenda, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na uanze kuhesabu siku 21.